LENANA WA WAMAASAI NA AMANI ALIYOITAFUTA

Katika neema ambazo Mwenyezi Mngu amewakumbusha Makureshi katika sura inayoitwa kwa jina lao, zimetajwa mbili: chakula baada ya njaa, na amani baada ya khofu. Mwenye kuzikosa mbili hizi hana raha, hata akiwa na killa kitu kinginecho. Ndiyo maana mwanaadamu, tangu alipoumbwa, hakuacha kuitafuta amani. Mmoja huitafuta kwa mali, mwingine kwa jamaa, mwingine kwa mkubwa wa kumkinga, mwingine kwa mganga, na mwingine kwa karatasi iliyotiwa sahihi. Wote hao wakimbia jambo moja, nalo ni khofu ya kesho.

Tumeonelea kuandika katika waraka huu maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa Kenya ambaye hakuwa Muislamu wala hakuwa mtu wa Pwani, lakini maisha yake ni somo kubwa katika mas-ala haya. Naye ni Lenana, ambaye watu wake humwita Olonana, mwana wa Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai, aliyekufa mwaka 1911. Huenda msomaji akauliza: tuna nini sisi na laiboni wa Kimaasai? Jawabu ni kwamba Qur'ani imetuamuru twende katika nchi tutazame mwisho wa waliotutangulia, wala haikutuambia tutazame wa kwetu peke yao. Isitoshe, wengi wetu tuna jamaa na biashara Naivasha, Gilgil na Nakuru, na twapita katika bonde lile tukitazama maziwa na milima, bila ya kujua ni watu gani waliokuwapo kabla ya mashamba na miji tunayoiona.

NCHI YENYEWE

Bonde la Ufa la kati, tangu Naivasha kupitia Elmenteita mpaka Nakuru na miguuni pa Mau, lilikuwa malisho ya Wamaasai. Majina yenyewe yashuhudia. Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na Naivasha latokana na neno lao la ziwa. Juu ya mji wa Nakuru upo mlima wa Menengai wenye shimo kubwa la moto uliozimika. Husimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai wao kwa wao, takriban miaka ya 1870, mashujaa wengi wa Laikipiak walitumbukizwa katika shimo lile. Waliowashinda Laikipiak ni Wapurko na wenzi wao, na baada ya hapo malisho yale yote yakawa mikononi mwao.

Babu zetu wa Pwani waliijua nchi hiyo kwa khofu. Misafara ya pembe iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Baringo ilikuwa haina budi kupita katika nchi ya Wamaasai, nayo ilitoa hongo ya nguo, shanga na nyaya ndipo ikapewa njia. Mmaasai wa siku hizo hakuwa mtu wa kutafuta ulinzi kwa mwingine, bali wengine ndio waliotafuta salama kwake. Jambo hili tulihifadhi, maana ndilo litakalotuonyesha ukubwa wa mageuzi yaliyokuja.

NASABA YAKE NA JINSI ALIVYORITHI

Lenana alitoka katika ukoo wa Inkidongi, ambao jina lao latokana na kibuyu kinachotiwa mawe ya kupigia ramli. Ukoo huu ndio uliotoa malaiboni wakubwa. Babu yake ni Supeet, na baba yake ni Mbatian, ambaye sifa yake ilienea hata kwa makabila jirani.

Ifahamike kwamba laiboni hakuwa mfalme. Wamaasai hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na wasemaji wa marika, killa rika na msemaji wake. Kazi ya laiboni ilikuwa kupiga bao, kutoa dawa za vita, kuombea mvua na kuyabariki marika. Watu walimwendea kwa sababu walidhani kwamba yeye ayaona yasiyoonekana. Kwa maneno mengine, bidhaa aliyokuwa nayo laiboni ni amani ya moyo. Mwenye khofu alikwenda kwake, naye akarudi amepoa.

Bwana Hollis, Muingereza aliyeandika khabari za Wamaasai katika kitabu alichokitoa mwaka 1905, amesimulia jinsi Lenana alivyorithi. Mbatian alipokaribia kufa alimwita mwanawe mkubwa, Sendeyo, akamwambia aje asubuhi apewe vifaa vya ulaiboni. Lenana alikuwa amejificha katika zizi la ndama akayasikia. Akaamka mapema kuliko nduguye, akaenda kwa baba yake, naye mzee alikuwa na jicho moja tu, hakumtambua. Akampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu na mawe yake. Sendeyo alipofika alikuta mambo yamekwisha. Kisa hiki kina mfano wake katika khabari za watu wa kale wa Kitabu, na hatuwezi kusema ni kiasi gani ni taarikhi na ni kiasi gani ni hadithi za watu. Lililothubutu ni kwamba baada ya kufa Mbatian, takriban mwaka 1890, ndugu wawili hawa waligombana, na Wamaasai wakagawanyika mafungu mawili. Sendeyo akawa upande wa Loita, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajarumani, na Lenana akabaki upande wa kaskazini.

MISIBA ILIYOWASHUKIA

Ugomvi huo ulikuja katika wakati mbaya kabisa. Kwanza ng'ombe walipatwa na ugonjwa wa mapafu. Kisha, takriban mwaka 1890 na 1891, ikaingia sotoka, ikaangamiza mifugo katika Afrika ya Mashariki yote. Mmaasai wa siku hizo chakula chake, mahari yake, nguo yake na heshima yake vyote vilikuwa ng'ombe. Basi zizi lilipokuwa tupu, nyumba pia ilikuwa tupu. Nyuma ya sotoka ikafuata ndui, na nyuma ya ndui njaa. Watu waliokuwa wakiogopwa na misafara walionekana wakiomba chakula kwa Wakikuyu, na wengine wakaweka watoto wao kwa jirani wapate kuishi.

Tuitafakari hali ya Lenana. Yeye ndiye aliyerithi rungu la chuma na kibuyu, na watu wakamtazama awaondolee khofu. Lakini hapana jiwe la ramli lililoizuia sotoka, wala dawa iliyowarudisha ng'ombe. Ilipokuwa hivyo, yeye mwenyewe aliyekuwa akiendewa na wenye khofu hakuwa na budi kutafuta pa kwenda.

KUTAFUTA MKUBWA WA KUMKINGA

Waingereza walikuwa wamejenga ngome yao katika nchi ya Wakikuyu, ikiitwa Fort Smith. Katika miaka hiyo ya shida Lenana na watu wake walisogea karibu na ngome hiyo, wakapata kinga dhidi ya adui zao, na dhidi ya Sendeyo. Waingereza nao walikuwa wachache, wala hawakutaka vita na Wamaasai huku njia yao ya kwenda Uganda ikipita kati yao. Basi killa upande ukawa na haja kwa mwenziwe.

Mwezi wa Novemba 1895 likatokea jambo ambalo linatugusa sisi wa Pwani. Msafara mkubwa wa wapagazi, Waswahili na Wakikuyu, ulikuwa ukirudi kutoka Ravine, ukapita katika bonde la Kedong, kusini ya Naivasha. Watu wa msafara wakawachokoza Wamaasai katika wanawake wao na mifugo yao, na wamorani wakawashambulia wakaua mamia. Mfanyabiashara mmoja Mzungu, aitwaye Andrew Dick, akaenda kulipiza kisasi, akauawa yeye pia. Watu walidhani Serikali itawapiga vita Wamaasai. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba msafara ndio ulioanza ubaya, na Serikali haikuwapiga. Lenana akaona kwamba mkubwa huyu ana nguvu na tena anaweza kuwa muadilifu, na urafiki ukazidi.

Kuanzia hapo wamorani walikwenda pamoja na majeshi ya Waingereza katika vita vya kuyatiisha makabila mengine, na hisa yao ikawa ng'ombe walionyang'anywa wenyewe. Kwa njia hiyo mazizi yakajaa tena. Serikali ikamfanya Lenana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, ikampa mshahara. Mwaka 1902 Sendeyo, aliyekuwa amedhoofika, akaja kutaka suluhu kwa nduguye. Mtu akimtazama Lenana mwaka huo angesema kwamba ameipata amani: adui ametii, ng'ombe wamerudi, na mkubwa yuko nyuma yake.

Walakini mambo mawili yalikuwa yamebadilika. La kwanza, ng'ombe hao waliowarudishia Wamaasai raha yao walitoka katika mazizi ya watu wengine, na amani ya mtu iliyojengwa juu ya khofu ya jirani yake haiwi na msingi. La pili, cheo cha chifu mkuu wa Wamaasai wote hakikuwako katika dasturi yao. Zamani ilikuwa hapana mtu mmoja awezaye kuwasemea wote. Sasa alikuwako, naye alikuwa ni mtu wa Serikali.

MAPATANO YA MWAKA 1904

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1902 Naivasha na Nakuru, zilizokuwa katika Himaya ya Uganda, zilihamishiwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, ndiyo Kenya ya leo. Serikali ikataka walowezi wa Kizungu waje walime kando ya reli ili reli hiyo ipate mizigo. Mwaka 1903 Bwana Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99, na kampuni moja ya Kiingereza ikataka maili 500 za mraba katika malisho yale yale ya Bonde la Ufa. Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa Himaya, alijiuzulu mwaka 1904 kwa kutofautiana na wakubwa wake juu ya ugawaji wa ardhi hizo, akaja Sir Donald Stewart.

Mwezi wa Agosti 1904 Sir Donald Stewart akafunga mapatano na Lenana na wazee wenziwe. Wamaasai walikubali kutoka katika Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, wakapewa makao mawili: moja Laikipia upande wa kaskazini, na moja upande wa kusini ya reli. Kati ya makao hayo waliahidiwa njia yenye upana wa nusu maili wapate kuonana na kupitisha mifugo, na huko Kinangop waliwekewa maili tano za mraba kwa ajili ya sherehe zao za tohara. Na ahadi iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani, na kwamba Wazungu hawataruhusiwa kuchukua ardhi katika makao hayo.

Tunapenda wasomaji wetu wazingatie namna mapatano hayo yalivyofanywa. Yaliandikwa kwa Kiingereza. Maneno yake yakatiwa katika Kiswahili, lugha yetu hii, na kutoka Kiswahili wakalimani wakayatia katika Kimaasai. Wazee waliyasikia baada ya kupita katika vinywa viwili, wakatia alama zao chini ya maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma. Tena Lenana mwenyewe makao yake yalikuwa kusini. Waliotakiwa kuondoka bondeni na kwenda Laikipia ni wenziwe wa kaskazini. Ahadi ya milele ikawa imesimama juu ya mguu mmoja tu, nao ni nia njema ya yule mwenye nguvu.

KUFA KWAKE NA MAPATANO YA MWAKA 1911

Milele hiyo haikutimiza miaka saba. Walowezi walipoiona Laikipia wakaitamani kama walivyolitamani bonde. Ile njia ya nusu maili ikafungwa kwa sababu ya karantini ya mifugo, na fungu moja la Wamaasai likawa halionani na jingine. Kisha ikasemwa kwamba haifai kabila moja kukaa mbali mbali, na kwamba kheri wote wakusanywe kusini chini ya chifu mmoja.

Lenana alikufa mwezi wa Machi 1911. Maofisa wa Serikali wakaeleza kwamba alipokuwa katika kufa aliwausia watu wake waitii Serikali, na wale wa kaskazini wahamie kusini. Je, aliusia hivyo kweli? Wengi wa watu wake walilitilia shaka jambo hilo, na Mwenyezi Mngu ndiye ajuaye. Lililo wazi ni kwamba mwezi haujapita, tarehe 4 Aprili 1911, mapatano mapya yakatiwa sahihi, na katika waliotia alama alikuwamo mwanawe Segi, kijana aliyewekwa mahali pa baba yake. Kwa mapatano hayo Laikipia ikatoka mikononi mwao.

Uhamisho ukaanza mwaka ule ule. Maelfu ya watu na mifugo isiyo na hesabu wakapandishwa milima ya Mau katika baridi na mvua. Wanyama wakafa, watu wakafa, na Serikali ikalazimika kuusimamisha. Gavana Sir Percy Girouard alijiuzulu mwaka 1912 baada ya mambo ya ardhi ya Laikipia kumtia katika ugomvi na wakubwa wake wa London. Hata hivyo uhamisho ukaanza tena mwaka huo, na mwaka 1913 ukamalizika.

Yalipo makosa ya wakubwa, tusisahau ushujaa wa wadogo. Parsaloi Ole Gilisho, msemaji wa rika katika Wapurko, ambaye mwaka 1911 alishurutishwa akatia alama yake, hakukubali kunyamaza. Yeye na wenziwe waliuza mifugo wakaajiri mawakili, wakaishitaki Serikali. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, ilihukumiwa mwaka 1913. Mahakama Kuu ikasema kwamba Wamaasai wahesabiwa kuwa dola ya kigeni iliyo chini ya himaya, na kwamba mapatano yao ni mambo ya dola na dola, hayana nafasi mbele ya mahakama. Rufani nayo ikaanguka mwishoni mwa mwaka huo. Basi tazama, ewe msomaji: walipotakiwa kuhama waliambiwa watii kama raia, na walipotaka haki waliambiwa wao si raia.

YALIYOFUATA KATIKA BONDE

Je, waliopata ardhi walipata amani? Bwana Delamere huko Njoro alileta kondoo na ng'ombe wazuri wa ng'ambo, wakafa wengi, maana majani ya sehemu ile yalikuwa na upungufu wa madini, na Wamaasai walikuwa wakiikwepa ardhi hiyo tangu zamani. Akalima ngano, ikaingia kutu. Akahamia Soysambu karibu na Elmenteita, akapata jina na ukubwa katika walowezi, hata njia kuu ya Nairobi ikaitwa kwa jina lake. Alipokufa mwezi wa Novemba 1931 alikuwa amezama katika madeni ya mabenki. Na njia ile leo yaitwa Kenyatta.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mengi ya mashamba ya walowezi yalipasuliwa, yakauzwa na kugawanywa kwa Wakikuyu, Wakalenjini na wengineo, na killa mmoja akatafuta hati ya shamba lake aiweke sandukuni apate kulala. Kisha ikaja Januari 2008, baada ya uchaguzi, na ghasia zikawaka Nakuru na Naivasha. Watu wenye hati halali walikimbia wakazilalia hati zao chini ya mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Na kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 2004, ilipotimu miaka 100 ya mapatano ya Lenana, Wamaasai waliandamana na kuingiza mifugo katika mashamba ya Laikipia wakidai nchi yao, na mtu akauawa. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, ina majumba na masoko na misikiti, lakini mas-ala ya nani ana salama katika ardhi ile hayajafa pamoja na Lenana.

Jina lake limebaki. Kilele kimoja cha Mlima Kenya, chenye urefu wa mita 4,985, chaitwa Lenana, chini ya kile cha baba yake kiitwacho Batian. Shule ya wavulana ya Nairobi iliyokuwa ikiitwa Duke of York nayo imepewa jina lake. Lakini jina juu ya mlima ni kitu kimoja, na watu kupata amani ni kitu kingine.

TUNAYOJIFUNZA

Hatuandiki haya kwa kumbeza Lenana. Alikuwa mtu mwenye akili, aliyerithi watu walioangamia kwa maradhi na njaa, akawavusha wakabaki hai. Wala hatumhukumu kwa ramli yake, maana da'wa ya Uislamu haikumfikia ipasavyo, na pengine katika sisi wapo watakaoulizwa ni kwa nini haikumfikia, maana misafara yetu ilipita kwake miaka mingi ikichukua shanga na pembe. Anayestahiki kuulizwa ni yule Muislamu wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyesoma Fatiha tangu utotoni, kisha akiogopa mwizi huenda kwa mpiga ramli, akiogopa maradhi huvaa hirizi asiyojua kilichoandikwa ndani, na mji ukipatwa na balaa huona dawa yake ni kuzungusha ng'ombe. Mawe ya Inkidongi hayakuizuia sotoka. Je, karatasi iliyoshonwa katika ngozi ndiyo itakayoizuia kadari ya Mola?

Wala sisi tusijione kwamba tumesalimika na yaliyompata Lenana katika mkubwa na karatasi. Ukanda wetu huu wa Pwani nao ulifungiwa mapatano baina ya Sayyid wa Unguja na Waingereza mwaka 1895, na wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1908 ikatoka sharia ya hati za ardhi za Pwani: killa mwenye haki aje adai kwa maandishi, na kisichodaiwa kitakuwa cha Serikali. Wenye kujua kusoma na kufuata mambo ya ofisi wakaandikisha. Wasiojua, na waliodhani kwamba minazi ya babu zao ni shahidi wa kutosha, wakakosa. Na vizazi vyao wapo waishio mpaka leo kama maskwota juu ya makaburi ya wazee wao.

Basi ni nini njia ya amani? Katika lugha ya Kiarabu imani na amani ni watoto wa mzizi mmoja, na hilo si jambo la bahati. Amani ya moyo ni kujua kwamba riziki na ajali zimo mikononi mwa Mmoja asiyekufa mwezi wa Machi, wala hajiuzulu, wala hafungi njia kwa karantini. Mwenye kusimama mbele Yake mara tano kwa siku ana pa kwenda ambapo Lenana alipakosa wakati kibuyu kilipomwangusha. Lakini tawakuli si kuacha mlango wazi. Mola huyo huyo aliyetuamuru kumtegemea ndiye aliyetuamuru katika Qur'ani kuandika madeni na kuweka mashahidi, akatilia nguvu jambo hilo katika aya iliyo ndefu kuliko zote.

Kwa hiyo tunausia mambo manne. Kwanza, tuondoe katika nyumba zetu killa kinachotupa amani ya uwongo, maana amani ya uwongo ni mbaya kuliko khofu: khofu humwamsha mtu, nayo humlaza. Pili, tusome na tuwasomeshe watoto wetu, wavulana na wasichana, lugha za mikataba na sharia za nchi, pasiwe na mmoja wetu atakayetia sahihi jambo alilolisikia kwa kinywa cha mwingine. Tatu, mambo ya umma tuyafanye kwa shauri. Asiwepo mtu mmoja, awe sheikh au awe mheshimiwa, atakayetuwekea alama sote kwa dole lake. Na nne, tumfanyie uadilifu jirani, wa dini yetu na asiye wa dini yetu, kwani hati ya shamba hulindwa na mahakama mchana, lakini usiku hulindwa na jirani.

Mwenye kuyashika haya hatasalimika na killa msiba, maana dunia ni nyumba ya majaribu. Lakini msiba ukimjia utamkuta macho, mikono yake imeshika kazi na moyo wake umeshika kamba isiyokatika. Tunamwomba Mwenyezi Mngu awape watu wa bonde lile na watu wa Pwani yetu chakula baada ya njaa na amani baada ya khofu, kama alivyowapa wa kale. Wabillahi ttaufiq.